Uwanja wa Ndege wa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana! Mama mkwe amekipima kiwanja kwa fimbo.

Sitii chumvi. Baada ya chai alitoka nyuma ya nyumba, akasimama katikati ya kiwanja changu (chake kwa haki, changu kwa jasho), akainua ile fimbo yake ya kutembelea, akaichoma chini. Fimbo ikadunda! Ikarudi juu kana kwamba imepiga lami. Akajaribu pembeni. Ikadunda. Akajaribu pale nilipovuna nyanya mwaka jana, zile nyanya tatu. Ko! Mke wangu alikuwa mlangoni, futi ya ushonaji shingoni. Mdogo wake, mchomeleaji wa mageti ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, alikuwa ameegemea ukuta na tabasamu ambalo sikulipenda.

"Nilikuachia bustani, mwanangu," mama mkwe akasema. "Sasa naona uwanja wa ndege."

Cheche alicheka mpaka akashika ukuta kwa mikono miwili. Akauliza ndege ya kwanza inaruka saa ngapi.

Kisha hukumu. Ijumaa mama mkwe anasafiri kwenda kwa binti yake mdogo anayekaribia kujifungua. Atarudi mvua zikiisha. Akirudi, atapima tena. Fimbo ikidunda, kiwanja ni cha Cheche, ajenge karakana yake ya kuchomelea.

Mbele ya mama mkwe mtu unasema nini? Nilichukua ufagio nikafagia. Na ijulikane: nafagia kiwanja kile kila asubuhi. Hakuna mtaa huu mwenye kiwanja safi kama changu. Hata jani moja halilali pale! Na hii ndiyo asante yangu.

Jumatatu, 4 Machi

Sijalala vizuri. Nimeihesabu nyumba hii chumba kwa chumba. Sebule ni cherehani ya mke wangu na wateja wake. Chumbani vitambaa vimepanda hadi dirishani, na chini ya kitanda ni makopo yangu ya rangi. Barazani kuna kiti cha mama mkwe, kisichokaliwa hata akiwa safarini. Kiwanja, pamoja na ile ndoo yangu iliyopinduliwa kwenye kivuli cha ukuta, ndipo mahali pekee ninapokaa bila kuambiwa sogea kidogo. Mwanaume anayeishi kwa mama mkwe wake atanielewa. Cheche akikichukua sitakuwa na pa kuweka makalio yangu duniani. Naogopa. Naandika hivyo hivyo.

Mchana bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo wa kata, alipita na pikipiki yake. Mwanamke mnene, sauti kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nikamsimamisha. Akachukua bonge la udongo wangu, akajaribu kulivunja, likakataa, akalitupa. Akaongea sana! Eti udongo ni kitu hai. Eti mimi kwa ufagio wangu nauchuna ngozi kila asubuhi, naupokonya chakula chake, halafu jua linauchoma na mvua inauchapa. Eti dawa ni kupanda mazao ya kuufunika, si ya kula. Nilisikiliza kwa makini mno. Kubwa nililoshika ni hili: udongo mzuri ni mweusi.

Rangi! Si angesema tangu mwanzo? Rangi ndiyo fani yangu. Kabla ya hizi mashine za kuchapisha mabango, nusu ya maduka ya barabara hii yalisomeka kwa mkono wangu.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imefanyika. Siri kubwa. Muuza mkaa amenipa gunia zima la vumbi la mkaa, kafurahi kupunguza uchafu. Nimelichanganya na maji na gundi ya unga, kama tufanyavyo wenye fani. Cheche alikuwa amekwenda kufunga geti la mtu, mama mkwe amelala, mke wangu ana wateja. Nikakipiga kiwanja rangi. Mkono wa kwanza kwa ufagio, mkono wa pili kwa brashi pana, kwenye kona kwa brashi ndogo. Magoti yangu hayana hali.

Ila matokeo! Nyeusi tii, kutoka ukuta hadi ukuta. Nimebakiza nusu gunia kwa marekebisho. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na leo za kwangu zimechanwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimwita mama mkwe mapema. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba udongo umeanza kuitikia. Alitazama muda mrefu. Akauliza umeitikia nini. Kisha fimbo. Ko! Kipande cha rangi kikabanduka kama ganda la yai, na chini yake weupe uleule wa siku zote. Halafu viatu vyake vyeupe vya safari. Mke wangu amevisugua kwa sabuni mpaka saa za chakula, huku akinitazama mimi badala ya viatu.

Jioni mvua ya kwanza. Kubwa! Haikuzama ardhini hata tone. Iliteleza juu ya kiwanja, ikaibeba rangi yangu yote, ikapita uchochoroni hadi barabarani. Mtaa mzima umeona mto mweusi ukitoka nyumbani kwetu. Mtu mmoja amekuja kuuliza kama tumefungua kiwanda.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe aliondoka juzi. Hakutaja rangi. Aligonga kizingiti kwa fimbo mara moja tu, akanitazama, akaenda zake.

Cheche hakungoja hata vumbi la safari litulie. Amekwisha leta mageti yake mawili na kuyaegemeza kwenye ukuta wa kiwanja changu. Eti anayahifadhi tu. Kisha akatoa tepu akapima upana. Anahifadhi kwa tepu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Bibi shamba akarudi. Alikuwa amesikia habari za mto mweusi. Alicheka mpaka akaomba ndoo yangu akae. Alipopata pumzi alinipa kopo la mbegu za fiwi, yale maharage yanayotambaa, na maelekezo: panda karibu karibu, kila mahali, acha zitambae zifunike udongo kama blanketi. Zikitoa maua, kabla ya kushika maganda, kata zote na uziache hapohapo zilipoangukia. Nikauliza tutakula lini. Akasema hatuli. Nikauliza basi anakula nani.

"Udongo," akasema, akawasha pikipiki.

Nimeishi miaka mingi. Sijapata kusikia mtu anaipikia ardhi. Ila mbegu nimepokea, maana nina mpango. Nitazipanda. Nitaziacha zizae. Siku ya kurudi mama mkwe kutakuwa na sufuria la fiwi mezani, la kutoka kiwanjani kwake mwenyewe. Nani atampa mchomeleaji ardhi huku anatafuna? Udongo utakula makombo.

Nimetoboa mashimo kwa mtaimbo. Mikono imetoka malengelenge.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui niandikeje. Nilitoka na ufagio kama kawaida nikasimama. Kiwanja kimepasuka! Kila mahali vijifuniko vya udongo mkavu vimeinuliwa. Nikainama. Chini ya kila kijifuniko kuna shingo nyeupe, imejipinda, imebeba mzigo mgongoni. Fiwi! Mimi mtaimbo ulikataa kuingia mpaka nikamwita Mungu, na hiki kitu laini, ambacho ningekiponda kwa vidole viwili, kinainua gae kubwa kuliko chenyewe. Gae moja lilikuwa bado linatikisika. Nikalala kifudifudi. Nikangoja. Likapinduka, na chini yake yakatoka majani mawili yaliyokunjana, yamelowa, hayajajua hata kama yamefika.

Mke wangu alinikuta nimelala pale akadhani nimezirai. Nikamwambia ashuke aone. Akashuka, pini zake bado mdomoni, akalala ubavuni pangu. Tuna miaka mingi ya ndoa na sikumbuki mara ya mwisho kutazama kitu kimoja pamoja.

Nilisahau kufagia.

Jumanne, 9 Aprili

Majani yanakua mpaka nahisi yanaona aibu nikiyatazama. Ardhi haionekani tena. Ufagio umekosa kazi, umeegemea ukutani na mageti ya Cheche.

Leo nilikata shauri kuchanganya ile kijani. Jani jipya kabisa, la juu, lile ambalo jua linapita ndani yake. Nilikaa kwenye ndoo na makopo yangu yote. Njano, buluu, tone la nyeupe. Siyo. Nikaongeza njano. Ikawa kijani ya mlango wa duka la dawa. Nikajaribu tena na tena mpaka kibao kikajaa. Mimi! Niliyechora kasuku mwenye rangi zote ukutani kwa muuza redio, watu wakaja kumgusa wakidhani ni wa kweli. Nimeshindwa na jani.

Nilipokata tamaa nilipenyeza mkono chini yake, juani, saa saba mchana. Baridi! Kwenye kiwanja ambacho mwaka jana kuku alikuwa anakivuka kwa kurukaruka. Nilibakiza mkono pale mpaka mke wangu akaniita mara mbili kula.

Jumapili, 28 Aprili

Hahaha! Mungu hamtupi mja wake.

Fiwi zimeyapata mageti. Sikuzifundisha. Naapa. Wiki mbili zilizopita mkono mmoja mwembamba uligusa nondo ya chini, ukajizungusha. Kesho yake ulikuwa nondo ya pili. Leo geti la kushoto halionekani. Ni ukuta wa majani wenye kitasa. La kulia limebakiza mikuki yake ya juu tu.

Cheche alipita kuangalia mali yake akapigwa na butwaa. Akavuta mkono mmoja wa fiwi ukamkatikia kiganjani, mingine kumi ikabaki imeshika. Akasema mmea gani huu. Nikamwambia unahifadhi tu. Mke wangu alicheka ndani, nilimsikia, cherehani ilisimama.

Nimekaa kwenye ndoo mpaka jua likazama. Si kwa furaha ya Cheche peke yake. Nilikuwa natazama ncha moja ikitafuta. Haina macho. Inayumba hewani polepole, inazunguka, mpaka inapata cha kushika, na ikishapata haiachii. Nani aliyeiambia kuna geti?

Jumanne, 14 Mei

Mambo mawili ya ajabu siku moja. Nitapasuka.

La kwanza, mvua. Imepiga adhuhuri, ya nguvu. Nikakimbilia dirishani kutazama maji yakishuka uchochoroni kama kawaida. Hayakushuka! Nikatoka na mwavuli. Barabarani mito ya watu wengine, yetu hakuna. Nikaenda kiwanjani. Mvua ilikuwa inaanguka juu ya majani, inateleza, inadondoka chini taratibu, inaingia. Inaingia bila kelele. Nilisimama palepale nikisikiliza mvua ikinyamaza. Viatu vimeloa, sijali.

La pili. Baada ya mvua niling'oa mche mmoja wa pembeni kuona ukoje. Ukatoka kirahisi, na mizizi yake imejaa vinundu! Vidogo, vya mviringo, kila mahali. Nikasema yamekwisha, ugonjwa, Cheche kaniloga. Nikampigia simu bibi shamba. Akaniambia nikipasue kimoja kwa ukucha. Nikapasua. Ndani kuna rangi ya waridi, kama fizi za mtoto mchanga. Akasema ndiyo afya yenyewe. Akasema humo ndani wanaishi viumbe wadogo mno, kazi yao kuchukua kitu kwenye hewa na kukigeuza chakula cha mmea, na mmea ukilala chini unaurithisha udongo.

Hewa! Hii hii ninayoivuta bure, ninayoipigia miayo. Chini ya miguu yangu kuna watu wanaipika. Miaka yote nilikuwa nafagia juu ya paa lao wakati wao hawana hata kuni.

Sikuweza kula. Mke wangu amenipima homa kwa kiganja.

Alhamisi, 23 Mei

Maua! Zambarau, yamesimama wima juu ya majani kama yameitwa majina. Nyuki wamekuja, sijui wamearifiwa na nani. Kiwanja kizima kinanguruma.

Bibi shamba amekuja kuona, akafurahi, kisha akasema: kata wiki hii. Zote. Zikianza kushika maganda, nguvu yote ziliyoiweka chini zitaipandisha kwenye maharage. Nikamwambia sawa. Nikamwambia kesho. Akaniangalia, akarudia: zote, na uziache zilale.

Sitakata. Kwanza nani ana moyo wa kukata kitu kama kile? Pili, sufuria la mama mkwe. Nimeshapanga: bibi shamba akipita barabarani anaona upande wa mbele tu. Nitakata mstari mmoja wa mbele, aone nimetii. Nyuma zitazaa kwa raha zao. Udongo utapata chake, tumbo litapata chake, na mimi nitapata kiwanja. Sijui kwa nini wataalamu hawafikirii hivi.

Jumamosi, 25 Mei

Kalamu inanikataa.

Nilikuwa nimepata kazi, jambo nadra, kulifufua jina la duka la dawa lililopauka. Nilirudi nikiimba. Nikapita uchochoroni. Kimya. Nyuki hakuna. Kiwanja kimelala chini.

Vyote. Majani, maua, vyote, vimelala kifudifudi. Katikati kasimama Cheche na panga, mikono imekuwa kijani mpaka kwenye viwiko, mageti yake nyuma yake yako uchi yanang'aa. Mwenye geti alikuwa amekuja mara ya tatu kudai geti lake, na leo alikuja na maneno makali. Cheche hakukata zilizoshika mageti tu. Akishaanza hasira hana breki. Alisema nimemharibia kazi kwa maharage.

Nilikaa kwenye ndoo. Nililia. Mtu mzima, mvi kichwani, nililia kwa ajili ya fiwi. Cheche aliona, akainamisha uso, akabeba geti lake akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 27 Mei

Nimegoma. Nimetangaza mezani, mbele ya mke wangu na mbele ya Cheche aliyekuja kuomba chumvi. Sitakanyaga kiwanja. Sitaokota hata jani. Aliyeangusha ndiye atakayezoa, kwa mikono yake, na aniombe radhi kwa kinywa chake. Cheche akasema radhi hana na mikono ina kazi. Mke wangu akasema yeye alizaa watoto wawili, nao wameshahama, hakumbuki hawa wengine wawili wametoka wapi.

Basi yataoza. Na yaoze! Mama mkwe akirudi atakuta jalala, fimbo itadunda, na dhambi itakuwa ya Cheche. Kiwanja pia kitakuwa cha Cheche. Hapo ndipo hoja yangu inapochechemea.

Alhamisi, 30 Mei

Bibi shamba alikuja bila taarifa. Nilijificha nyuma ya pazia, mke wangu akanitoa. Tukaenda nyuma. Nilikuwa natazama ukuta.

Bibi shamba akapiga makofi! Akasema hajaona kazi kama ile tarafa nzima. Zimekatwa siku yake hasa, kwenye maua, chini kabisa, zikaachwa hapohapo bila kuguswa na mtu. Wengine anawabembeleza mwaka mzima, bado wanakata nusu, wanazoa, wanaficha mstari wa nyuma wapate maharage. Niliangalia miguu yangu. Akaniita mwanafunzi wake bora. Akauliza nimekata mwenyewe?

"Ni kazi ya mikono," nikasema.

Akainua majani kwa kidole cha mguu. Chini yake nyuzi nyeupe nyembamba zimetandazwa kila mahali, mende wadogo wanakimbia, na nyungunyungu! Nyungunyungu mnene, mwekundu, akajivuta polepole akazama kama mwenye nyumba aliyesumbuliwa. Kiwanja hiki hakijaona nyungunyungu tangu nihamie. Nani aliwaita? Walikuwa wanangoja wapi?

Bibi shamba aliongea mengi. Nisizoe, nisichome, ufagio usikanyage pale kabisa, nipande mboga katikati ya hayo majani. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Nilikuwa bado kwenye neno bora.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amerudi. Hakunywa chai. Hakukaa kwenye kiti chake. Aliuliza mtoto wa watu yuko wapi (mimi), akapita moja kwa moja nyuma. Cheche alifika na tepu mfukoni, nimeiona ikichomoza. Mke wangu alisimama mlangoni akishika fremu.

Akatazama yale majani, sasa ya kahawia, yamelala bapa. Akasonya. Akasema aliacha uwanja wa ndege, amekuta jalala. Cheche akakohoa. Mama mkwe akainua fimbo akaichoma chini.

Hakuna sauti.

Fimbo iliingia. Ikaendelea kuingia! Iliingia mpaka kiganja chake kikakaribia majani, akayumba, nikamdaka upande huu na Cheche upande ule. Akaivuta taratibu. Ncha ilitoka imelowa, nyeusi.

Akapiga magoti. Magoti yale, ambayo hata kwenye kiti yanashuka kwa kuhesabu! Akafunua majani, akaingiza mkono mpaka kwenye bangili, akatoa konzi moja. Udongo ukavunjikavunjika wenyewe kiganjani mwake. Akaunusa. Nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu mwingine, mdogo sana.

"Shamba la mama yangu lilinuka hivi," akasema.

Tukainama sote kunusa. Hata Cheche, na pua yake iliyozoea moshi wa chuma. Siwezi kueleza harufu ile. Ni kama mvua kabla haijaamua kunyesha. Mke wangu alinishika bega na hakuutoa mkono.

"Nani kafanya hivi?" mama mkwe akauliza.

Cheche akatazama viatu vyake. Maskini, alidhani anaulizwa aliyefyeka. Nilijua kila kitu, nilijua panga la nani, hasira ya nani.

"Mimi, Mama," nikasema.

Cheche akashusha pumzi ndefu! Akanipigapiga mgongoni, macho yamelegea kwa shukrani. Anaamini nimembebea kosa lake. Jioni aliniletea soda.

Mama mkwe aliinuka kwa kushikilia mikono yetu. Akasema kiwanja ni changu, na mjadala umefungwa. Kisha akaninyooshea ile fimbo yenye ncha nyeusi.

"Ila udongo huu usiuvue nguo tena," akasema. "Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa kwenye ndoo tangu asubuhi. Ndoo yangu, kivuli changu! Hakuna aliyesema sogea. Nimechukua konzi ya udongo nikajaribu kuchanganya rangi yake. Nilianza na nyeusi. Siyo nyeusi hata kidogo. Ukiuangalia kuna kahawia, kuna zambarau, kuna wekundu fulani wa mbali, na ukiugeuza juani zote zinahama. Nimeacha. Kuna fundi mwingine hapa, na hana brashi.

Bibi shamba amepiga simu. Jumatano analeta kikundi cha wakulima waje wajifunze kwangu. Kwangu! Nimemwambia wanakaribishwa. Mke wangu amesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Kitu kimoja tu kinanikera. Wageni watakuja, watu wazima na heshima zao, na pale chini pamejaa majani makavu. Watasemaje? Mwanafunzi bora, bustani kama jalala!

Jumatatu, 10 Juni

Kazi kubwa, ila imekwisha. Nimeamka kabla ya wote. Nimezoa majani yote, hata yaliyong'ang'ania, nikayarundika kwenye kona nikayachoma. Moshi umepanda vizuri. Kisha ufagio. Jamani, nilikuwa nimeukumbuka! Nimefagia kutoka ukuta hadi ukuta, mara mbili, mistari imenyooka kama nimeichora kwa rula. Nyungunyungu kadhaa walitoka kushangaa, nikawasukumia pembeni kwa heshima. Katikati nimesimamisha bango, herufi za zambarau zenye kivuli: BUSTANI YA MFANO. UDONGO HUU UNA UHAI.

Mke wangu alitoka na kikombe. Akatazama kiwanja, akatazama moto, akanitazama mimi. Amerudi ndani, na cherehani inakwenda kwa kasi ambayo sijaisikia. Mama mkwe bado amelala, nataka aone mwenyewe akiamka. Cheche alichungulia juu ya ukuta, akaangalia sana, akaondoka. Sasa amerudi na tepu, anapiga mluzi. Kijana mwenye furaha leo, sijui kapata kazi gani.

Mchana huu jua kali. Kwenye kona zinazopigwa sana udongo umeanza kupauka na kukakamaa kidogo. Si neno. Chini ya kitanda bado kuna ile nusu gunia ya vumbi la mkaa, na gundi ya unga nimeshaweka jikoni. Udongo mzuri ni mweusi. Bibi shamba alisema mwenyewe, na mimi nikishafundishwa jambo, sisahau.